Sauti ya Msimulizi Ikae kwa Nani? Uzoefu Wangu wa Kupandisha Riwaya Kongwe Jukwaani

Mwongozaji akitangaza kwamba atapandisha riwaya kongwe jukwaani, kila mtu, kuanzia mtayarishaji hadi mshona maleba, humuuliza atakata nini. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa hesabu yenyewe inatisha. Great Expectations ya Charles Dickens ina maneno yapatayo 185,000, na mtu akiisoma yote kwa sauti bila kupumzika atatumia karibu saa 20, ilhali mswada wa tamthilia ya muda wa saa mbili na nusu haubebi zaidi ya maneno 25,000 hivi. Maana yake ni kwamba katika kila maneno saba au manane ya mwandishi, ni moja tu litakalosikika ukumbini. Hata hivyo, baada ya kuifanya kazi hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, naamini swali la kukata ni la pili. La kwanza linahusu ile sauti inayosimulia, ambayo kitabuni iko kila mahali na haina mwili: jukwaani itakaa kwa nani? Miradi niliyoianza nikiwa na jibu la swali hilo ilipata matatizo ya kawaida ya kazi. Ile niliyoianza bila jibu ilinila fedha, usingizi na, mara moja, urafiki wa miaka mingi.

Niliingia katika kazi hii kwa mlango wa uigizaji. Baada ya kuigiza kwa muda na kisha kuwa msaidizi wa waongozaji wengine, kundi letu dogo liliniachia niongoze, tukachagua Great Expectations. Dickens alifariki mwaka 1870, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kulipwa kwa haki ya kuigeuza riwaya yake kuwa tamthilia, nasi hatukuwa na fedha za kumlipa mtu yeyote. Sababu ya pili ilikuwa mazungumzo. Wahusika wa Dickens huongea kana kwamba wameandikiwa jukwaa, kila mmoja kwa mtindo wake, na anayezipitia sura 59 za riwaya hiyo akiwa na kalamu ya rangi hukuta kurasa nyingi ambazo zingeweza kupewa waigizaji zilivyo. Ndivyo tulivyofanya. Tuliyakusanya mazungumzo tuliyoyapenda, tukayapanga kwa mfuatano wa kitabu, tukayaunganisha kwa mabadiliko ya taa na muziki mfupi, kisha tukaketi kuusoma mswada pamoja.

Matukio yote yalikuwamo: mfungwa makaburini, nyumba ya Miss Havisham, safari ya London, kurudi kwa Magwitch, yule mfungwa. Aliyekosekana ni Pip, kijana ambaye hadithi nzima ni yake. Mwigizaji wetu mkongwe, mama aliyekuwa jukwaani tangu kabla sijazaliwa, aliufunga mswada wake akaniambia, “Mwanangu, huyu kijana simpendi, na kitabuni nilimpenda. Umemnyang'anya nini?” Nilimjibu kwamba sikumnyang'anya kitu, kwamba kila neno analolitamka Pip katika mswada ule ni la Dickens mwenyewe. “Basi umemnyang'anya asiyoyatamka,” alisema, akaenda zake kunywa maji.

Alikuwa amegusa penyewe. Riwaya ile inasimuliwa na Pip mtu mzima anayemtazama Pip mtoto na Pip kijana, na ladha yake yote, kicheko na uchungu, inatokana na umbali uliopo kati ya anayesimulia na anayesimuliwa. Chukua sura ya 27, ambamo Joe, mhunzi aliyemlea Pip, anakwenda London kumtembelea kijana ambaye sasa amekuwa muungwana. Katika mazungumzo matupu, Joe anaonekana mgeni mshamba asiyejua aiweke wapi kofia yake, ambayo inaanguka kila mara, na Pip anaonekana kijana mwenye kiburi asiye na fadhila. Msomaji wa kitabu hamchukii, kwa sababu msimulizi mwenyewe anakiri waziwazi jinsi alivyoona aibu na jinsi aibu hiyo ilivyokuwa ya kulaumika. Ukiondoa msimulizi, kinachobaki ni kosa bila majuto yake.

Tuliuvunja mswada, tukamwingiza mwigizaji wa makamo acheze Pip mtu mzima, asiyetoka jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho, anayeweza kuwatazama wote na asiyeonekana na yeyote isipokuwa hadhira. Mistari yake ya kusimulia ilikuwa michache kuliko nilivyotarajia, kwani tuligundua katika mazoezi kwamba kuwapo kwake kulifanya kazi ya aya nzima. Katika onyesho la kofia hakusema neno. Kila kofia ilipoanguka yeye ndiye aliyeiokota na kuirudisha, na mara ya mwisho akabaki ameishika mikononi wakati Pip kijana akitazama dirishani. Watu walilia hapo, nami nikajua kwamba nimepata kazi ya kufanya maishani. Kwa wanaojiuliza kuhusu mwisho: Dickens aliandika miisho miwili, wa kwanza Pip na Estella, msichana anayempenda, wakiachana kabisa, na wa pili, ulioachia tumaini, baada ya kushauriwa na mwandishi mwenzake Edward Bulwer-Lytton. Tulitumia wa kwanza. Nadhani tulikuwa sahihi, ingawa wapo waliotoka ukumbini wamenuna.

Tangu wakati huo kila riwaya naisoma kwa namna tatu kabla ya kuandika chochote. Mara ya kwanza ninasoma kama msomaji, bila kalamu, na nikimaliza nakaa kwa siku chache kisha naandika kwa kumbukumbu tu yale yaliyobaki kichwani; orodha hiyo mara nyingi huwa na maonyesho machache ambayo ndiyo mhimili wa tamthilia, na huwa haina baadhi ya mambo ambayo wataalamu husema ndiyo muhimu. Mara ya pili ninasoma kwa daftari, nikiandika kwa kila sura nani anajua nini, nani anamficha nani, na ni nani anayetuambia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi na wanaoanza. Mara ya tatu ninasoma kwa sauti, sura nzima nzima, kwa sababu sentensi inayometa kwenye karatasi inaweza kumshinda mwigizaji pumzi, na iliyoonekana ya kawaida inaweza kujaza chumba. Kazi hii inakula miezi, na hakuna anayeilipia. Nitalirudia jambo hilo la malipo.

Nilipotaka kujua wengine waliijibuje hoja ya msimulizi, nilikuta majibu mengi na yenye kupingana. Mwaka 1980 Royal Shakespeare Company ya Uingereza iliipandisha Nicholas Nickleby, riwaya nyingine ya Dickens, kwa mswada wa David Edgar na uongozaji wa Trevor Nunn na John Caird, katika sehemu mbili zilizochukua jumla ya saa nane na nusu hivi. Huko, usimulizi uligawiwa kundi zima, kila mwigizaji akiwa na wahusika kadhaa na pia sehemu ya sauti ya msimulizi. Kundi la Shared Experience, lililoanzishwa na Mike Alfreds mwaka 1975, lilianza kwa kumwamini mwigizaji anayesimulia na kuigiza kwa wakati mmoja bila mapambo mengi. Na mwaka 1997, katika kundi hilohilo, Polly Teale aliiandika na kuiongoza Jane Eyre kwa namna ambayo Bertha, mke aliyefungiwa ghorofani, yuko karibu na Jane tangu utotoni, kama nusu ya nafsi yake iliyozuiwa kupiga kelele. Hapo riwaya iliyosimuliwa kwa “mimi” ikapata miili miwili ya “mimi” huyo. Huko Chicago, Frank Galati aliiongoza The Grapes of Wrath kwa mswada wake mwenyewe na kundi la Steppenwolf mwaka 1988, na ilipofika Broadway mwaka 1990 ikapata tuzo ya Tony ya tamthilia bora na ya uongozaji bora. Galati alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Northwestern, ambako Robert Breen alikuwa amejenga mbinu inayoitwa Chamber Theatre, ya kuiweka hadithi jukwaani pamoja na usimulizi wake wa nafsi ya tatu, bila kuubadilisha wote kuwa mazungumzo.

Na upande wa mwisho kabisa wako Elevator Repair Service wa New York, ambao katika Gatz hawakukata hata neno. Mfanyakazi wa ofisi anaanza kusoma The Great Gatsby kwa sauti, na maneno yote ya riwaya hiyo, yapata 49,000, yanatamkwa hadi mwisho, kwa muda unaofika saa nane pamoja na mapumziko. Ninawatajia wanafunzi wangu mfano huo kila ninapowaona wamekamata mkasi mapema mno.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote nililichukua kwa Bertolt Brecht, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia wa Kijerumani. Alipendekeza kwamba katika mazoezi mwigizaji aseme maneno ya mhusika wake kwa nafsi ya tatu na kwa wakati uliopita, pamoja na kuyatamka maelekezo ya jukwaani: badala ya kusema “Siwezi kukaa,” aseme “Alisimama, akasema kwamba hangeweza kukaa.” Kwa mwongozaji wa riwaya, zoezi hili lina faida ya ziada. Waigizaji wakilifanya kwa juma zima la kwanza, wakiwa wameshika kitabu chenyewe na si mswada, huanza kuonyesha bila kuulizwa ni sentensi zipi za usimulizi wanazozihitaji na zipi zimekwisha kuingia mwilini mwao. Sentensi ambayo mwigizaji ameiigiza tayari kwa bega lake haina haja ya kutamkwa, na wewe huwezi kuijua ukiwa peke yako mezani. Ndiyo maana siku hizi sileti mswada uliokamilika kwenye mazoezi ya kwanza. Naleta mfuatano wa maonyesho, kurasa zilizonakiliwa kutoka kitabuni, na mwandishi wa kumbukumbu mwenye mkono mwepesi.

Sasa nije kwenye haki, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza zaidi. Zamani mambo yalikuwa holela. Nicholas Nickleby ilikuwa ikitoka kwa vipande vya kila mwezi tangu 1838 hadi 1839, na tayari mwaka 1838 ilikwisha kuigizwa London kabla Dickens hajaimaliza. Alijilipizia ndani ya riwaya hiyohiyo kwa kumchora bwana mmoja anayejivunia kwamba amegeuza riwaya 247 kuwa tamthilia upesi kama zilivyotoka. Mwaka 1897 Bram Stoker alilazimika kuandaa usomaji wa hadharani wa Dracula katika ukumbi wa Lyceum siku chache kabla ya kitabu kutoka, ili ajihifadhie haki ya jukwaani, na ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 iliyompa mwandishi wa riwaya uwezo wa kuzuia kazi yake isigeuzwe tamthilia bila idhini. Leo ulinzi huo ni wa kawaida. Mkataba wa Berne, wa kimataifa kuhusu haki za waandishi, unataka angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, nchi nyingi zimeweka 70, na hesabu hubadilika unapovuka mpaka. George Orwell alifariki mwaka 1950, kwa hiyo katika nchi za Umoja wa Ulaya riwaya zake ziko huru tangu Januari 2021, lakini Marekani, ambako vitabu vya wakati ule hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa, Nineteen Eighty-Four ya mwaka 1949 italindwa hadi mwisho wa 2044. Mwongozaji anayetarajia kuzunguka na onyesho lake anapaswa kuulizia kila nchi atakayokwenda, kabla ya kuagiza hata kitambaa.

Mradi wangu wa pili ulikuwa riwaya ya karne ya 20 ambayo mwandishi wake hakuwa amefariki zamani. Tuliandika barua kwa wakala wa warithi, tukajibiwa kwa adabu kwamba ombi letu limepokelewa, nasi tukalichukua jibu hilo kama dalili njema, tukaendelea kuandika. Rafiki yangu aliyekuwa mwandishi mwenza aliacha kazi nyingine ili tuumalize mswada. Ulipokamilika, na kwa kweli ulikuwa mzuri, ikaja barua ya pili: haki ya jukwaani ilikwisha kuuzwa kwa kampuni nyingine, kwa mkataba uliozuia yeyote mwingine kuiigiza riwaya hiyo kwa miaka kadhaa, na kampuni hiyo haikuwa hata na tarehe ya kuanza. Hakuna aliyetudanganya. Lakini mimi na rafiki yangu tulianza kuulizana ni nani aliyesema tuendelee, na mazungumzo yale hayakutuacha salama. Hata Gatz, pamoja na sifa zake, ilisubiri kwa miaka kwa sababu ya mgongano wa haki kabla ya kufunguliwa New York katika Public Theater mwaka 2010. Sisi hatukuwa na uwezo wa kusubiri.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa haubadiliki. Kwanza napata hati ya hiari, yaani makubaliano ya maandishi yanayonipa muda maalumu wa kuandika na kutafuta fedha huku mwenye haki akizuiwa kumpa mwingine. Ndani yake naangalia mambo ambayo mtu mwenye furaha huyapita haraka: muda unaanza lini na unaongezwaje, ni lugha gani na nchi gani, ni maonyesho mangapi, warithi wana uwezo wa kukataa mswada au wa kutoa maoni tu, na je, kurekodi kwa ajili ya kuonyeshwa mtandaoni kumejumuishwa. Jambo la pili ni tafsiri. Mwandishi Mrusi Dostoevsky alifariki mwaka 1881 na hakuna anayeweza kukudai kwa ajili yake, lakini mfasiri ana haki zake mwenyewe. Constance Garnett alifariki mwaka 1946, kwa hiyo tafsiri zake za Kiingereza zimekwisha kuwa huru penye ulinzi wa miaka 70 baada ya kifo. Tafsiri nzuri iliyotoka miaka 20 iliyopita haiko huru, na kubadilisha maneno mawili matatu katika kila sentensi hakuifanyi kuwa yako.

Baada ya kisa hicho nilirudi kwa marehemu wa zamani, nikaichukua Crime and Punishment, riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1866. Hapa sauti ya msimulizi iko nafsi ya tatu lakini imeng'ang'ania kichwani mwa Raskolnikov, kijana muuaji, kiasi kwamba msomaji hupumua naye. Jibu la haraka, na kila mtu alinishauri hivyo, lilikuwa kumpa Raskolnikov mazungumzo nafsi marefu mbele ya hadhira. Kilichonizuia ni historia ya kitabu chenyewe: Dostoevsky alianza kukiandika kama ungamo la muuaji kwa nafsi ya kwanza, kisha akaiacha njia hiyo na kuanza upya kwa nafsi ya tatu. Ikiwa mwandishi aliona kwamba muuaji hafai kuwa bwana wa hadithi yake, mimi nilikuwa nani nimrudishie kiti?

Tulijaribu mengi. Kilichokaa ni kuzigawa fikra zake kwa wale anaokutana nao. Porfiry, mpelelezi, akiwa anamhoji, anatamka ghafla sentensi ambayo kitabuni inapita kichwani mwa Raskolnikov, kwa sauti ileile ya maswali, na mtuhumiwa hawezi kujua kama imesemwa au ameisikia ndani mwake. Sonia, msichana anayemwungamia, anatamka nyingine. Mama yake Raskolnikov, anaposoma barua, anaingiza mstari ambao hauko katika barua. Hadhira ilihitaji dakika kadhaa kuzoea, na katika maonyesho ya majaribio wapo waliodhani waigizaji wamesahau zamu zao, kwa hiyo tukaongeza onyesho fupi mwanzoni ambalo kanuni hiyo inaonekana waziwazi. Ukibuni kanuni ya usimulizi, ifundishe mapema, na usiivunje hata kwa ajili ya mstari mzuri sana.

Mradi huo ulinipa pia somo la bajeti. Mbunifu wa mandhari alitaka kujenga chumba cha Raskolnikov, kile chumba kidogo cha juu kinachofanana na kabati, kwa kuta zinazosogea. Michoro ilikuwa ya kuvutia na gharama yake ilikuwa sawa na majuma mawili ya mazoezi kwa kundi zima. Tulibaki na kochi bovu na mlango, tukayanunua majuma. Lipo toleo la riwaya hiyohiyo, la Marilyn Campbell na Curt Columbus, linaloendeshwa na waigizaji watatu kwa dakika 90, na linatosha kuonyesha kwamba ukubwa wa kitabu hauhitaji kulipiwa kwa mbao na vitambaa. Mwigizaji mmoja kucheza wahusika watano kunaokoa mishahara, ni kweli, lakini panga kwa uangalifu nani anamgeukia nani: hadhira hukumbuka uso, na mwigizaji aliyekuwa dalali wa rehani aliyeuawa akirudi baadaye kama jirani mwema, watu wataona maana hapo hata kama wewe ulitafuta tu mtu aliyekuwa hana kazi katika onyesho lile.

Kuhusu malipo nitasema bila kupamba. Kwa miaka mingi nililipwa kama mwongozaji peke yake, na uandishi wa mswada ukahesabiwa kama maandalizi yangu. Wenye kumbi hawakuwa na nia mbaya. Hawakuulizwa, nao hawakujitolea. Tamthilia moja niliyoiandika ikaja kuongozwa na mtu mwingine mahali pengine, na katika karatasi zote hapakuwa na hati iliyosema kwamba mswada ni wangu. Siku hizi nasaini mikataba miwili: mmoja wa kuandika, wenye malipo ya mswada wa kwanza na asilimia ya mapato ya tiketi, na mwingine wa kuongoza. Na kwa kuwa mswada wangu hujengwa kwa sehemu na waigizaji katika mazoezi, tunaandika tangu siku ya kwanza watatambuliwaje na watapata fungu gani ikiwa onyesho litarudiwa. Mazungumzo hayo ni mazito kuyaanza na watu mnaopendana, na ni mazito mara kumi baada ya sifa kuja.

Kisha kuna hadhira ambayo imekwisha kuiongoza tamthilia yako vichwani mwao kabla hujazaliwa kisanaa. Mpenzi wa kitabu huja na sura ya Estella, na sauti yake, na gauni lake, na unapomletea nyingine anahisi ameibiwa. Nilikuwa nikijitetea. Sasa nawasikiliza kwa utaratibu maalumu: baada ya maonyesho ya majaribio nawauliza walikosa nini, kisha natenganisha wale waliokosa tukio na wale waliokosa hisia. Anayesema “hamkuweka safari ya mashua” mara nyingi anaweza kuachwa. Anayesema “sikumwonea Magwitch huruma” ameona ufa, na huo huwa karibu daima ni mahali ambapo sauti ya msimulizi imedondoka bila kupokewa na mtu. Wanafunzi wanaotahiniwa katika kitabu hicho ni kundi la pekee. Wanajaza viti, walimu wao huja na maswali ya mfuatano wa sura, na jambo la uungwana ni kuwaambia mapema, katika karatasi ya onyesho, ni sehemu zipi za kitabu zimeachwa, ili asije mtoto akajibu mtihani kwa kutegemea mkasi wako.

Uchovu wa kazi hii una tabia yake. Kuishi na riwaya moja kwa mwaka mzima au zaidi, ukiifungua kila asubuhi kutafuta cha kuondoa, kunaweza kukufanya uichukie, na mwongozaji aliyekichukia kitabu huanza kukifanyia mzaha jukwaani bila kujijua. Imenitokea, na dalili niliyojifunza kuitambua ni kucheka kabla ya waigizaji katika sehemu zisizochekesha. Nikiiona, nasimamisha uandishi kwa juma, namwomba mtu mwingine anisomee sura ambazo tumeziacha, na ninasikiliza tu. Mara mbili tatu sura iliyoachwa imerudi mswadani kwa njia hiyo.

Sasa niko na Middlemarch ya mwandishi mwanamke George Eliot, ya miaka ya 1871 na 1872, na imenitoa jasho kuliko zote, kwa sababu msimulizi wake ndiye mhusika mwenye akili kuliko wote na hana jina wala uso. Mwanzoni mwa sura ya 29 anaanza kutuambia habari za Dorothea, mhusika mkuu, kisha anajikatiza mwenyewe na kuuliza kwa nini iwe Dorothea daima, na kugeukia maumivu ya mumewe, Casaubon, mzee mkavu ambaye msomaji amekwisha kumchoka. Wazo la kumweka mwanamke pembeni acheze Eliot nimelikataa. Angekuwa mwalimu, na hadhira ingekaa kama darasa. Tunachokijaribu ni kwamba kila mhusika asimuliwe na yule anayemwelewa vibaya zaidi. Dorothea analazimika kutuambia yaliyo moyoni mwa Casaubon, naye Casaubon analazimika kutuambia ya Dorothea, na wote wawili wanatamka maneno ya huruma ambayo katika mazungumzo yao hawawezi kupeana. Mikataba yote miwili imesainiwa, fungu la waigizaji limeandikwa, Eliot alifariki mwaka 1880 na hana warithi wa kuombwa, na juma la kwanza la mazoezi tutalianza na nakala za kitabu mkononi, bila mswada, tukisoma sura ya 29 kwa nafsi ya tatu.